Namna ya Kuandaa na Kulinda Utulivu katika Kikao cha Ukocha

Watu wanaoanza kazi ya ukocha hapa Dodoma hunijia mara nyingi wakitaka orodha ya maswali. Wanataka maswali mazito, yale wanayoamini kwamba yakishaulizwa, mteja atafunguka. Huwajibu kwamba maswali hujifunzika kwa wiki chache, na kwamba kabla hatujafika huko wanieleze mambo mawili: mteja wao atakaa wapi, na wao wenyewe watafanya nini pale atakaponyamaza. La kwanza hulijibu haraka. La pili wengi hawajawahi kulifikiria, nami huanzia hapo.

Ukocha ninaouzungumzia si ule wa uwanjani. Ni mazungumzo yenye mpangilio baina ya watu wawili, ambapo mmoja anatafuta kuona vizuri zaidi jambo la kazi yake au la maisha yake, na mwenzake humsaidia kufikiri bila kufikiri kwa niaba yake. Mafunzo ni kitu kingine, kwa kuwa huko mwenye ujuzi humpa asiye nao. Ushauri nasaha nao una uwanja wake, hasa pale penye majeraha yanayohitaji kutibiwa. Katika ukocha, kinachofanya kazi ni fikra za mteja mwenyewe, na fikra hizo hazitoki mahali penye kelele, penye haraka au penye hofu ya kusikiwa. ICF, shirikisho la kimataifa la makocha lililoanzishwa mwaka 1995, limeliweka jambo hili wazi katika orodha yake ya stadi za msingi: kocha anatakiwa kuruhusu kimya, kutua kidogo na tafakuri ndani ya kikao. Ni sharti la kazi, kama vile kunawa mikono kulivyo sharti kwa mkunga.

Mahali

Mji wetu umekua kwa kasi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa mwaka 1973, lakini ni tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa vitendo, baada ya tamko la 2016, ndipo ofisi, kumbi na nyumba za wageni zilipoanza kuota kila upande, kuanzia Kisasa na Ilazo hadi Nzuguni na Mtumba. Vyumba vingi vya kukodi vimegawanywa kwa kuta za jipsamu zinazopitisha kila neno. Kwa hiyo, kabla ya kulipia chumba, mwombe mwenzako akae chumba cha jirani asome gazeti kwa sauti ya kawaida, nawe ukae kimya kwa dakika mbili. Ukiyasikia maneno yake, fahamu kwamba na ya mteja wako yatasikika upande wa pili, na mteja atalibaini hilo kabla yako.

Angalia na paa. Mvua ya Dodoma ni chache, wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Lakini ikija huja kwa kishindo, na chini ya bati lisilo na dari hakuna atakayesikia chochote. Kiangazi kina taabu yake: upepo na vumbi hulazimisha madirisha kufungwa, joto hupanda, feni huwashwa, na mngurumo wake humfanya mteja apaze sauti juu ya jambo ambalo alitaka kulisema kwa chini. Ndiyo maana vikao vyangu vyenye uzito huvipanga kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, upepo ukiwa bado haujashika kasi na mteja akiwa bado hajachoshwa na siku.

Mkahawa wa hoteli, ambao wengi huukimbilia kwa sababu hauna kodi, siupendekezi. Penye runinga inayosoma taarifa ya habari na wahudumu wanaopita na sinia, mtu huzungumza, lakini hatafakari. Zaidi ya hapo, Dodoma ni mji wa watumishi wanaojuana: wa wizara hii alisoma na wa wizara ile, na wote hunywa chai mahali pamoja. Mteja ambaye macho yake hayaachi mlango huwa anatunga maelezo atakayoyatoa mkuu wake akitokea, na akili yake haina nafasi ya kitu kingine.

Usipopata chumba kinachofaa, toka nje. Kivuli cha mwarobaini mbali na njia ya bodaboda hushinda ofisi yenye mwangwi, na vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma vina njia za kutosha za kutembea taratibu watu wawili. Kutembea kuna faida moja ambayo kwa jamii yetu ni kubwa: macho hayakutani. Aliyelelewa kutomkazia macho mtu mzima hupata nafuu anapoitazama njia iliyo mbele yake, na mengi ambayo hayakuweza kusemwa mezani husemwa katika mwendo wa nusu saa.

Ndani ya chumba, ondoa meza katikati. Viti viwe vya urefu mmoja, vimeelekezwa kwa pembe ili mteja aweze kukutazama akitaka na kutazama dirishani akitaka. Saa ya ukutani iwe nyuma yake, uione bila kugeuza mkono, kwa kuwa kocha anayetazama saa ya mkononi huwa ameshamwambia mteja afanye haraka. Maji yawe yamekwisha kumiminwa. Simu zizimwe na kuwekwa kwenye mkoba, si kulazwa mezani kifudifudi, maana hata ikiwa kimya, simu iliyo mbele ya macho humfanya mtu aisubiri.

Kocha mwenyewe

Chumba kinaweza kuwa kimya na kocha asiwe. Acha robo saa kati ya kikao kimoja na kingine, na ndani ya robo hiyo usijibu ujumbe wa mtu yeyote. Andika kwenye karatasi yale yanayokusumbua siku hiyo, ada ya mtoto, fundi aliyetoweka na fedha, kisha iache karatasi hiyo nje ya chumba. Kaa, uvute pumzi na kuitoa taratibu kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mara sita au saba. Mapigo ya moyo hupungua kasi tunapotoa pumzi, na mwili uliotulia ndio utakaompokea mteja mlangoni.

Salamu, na kueleza kimya

Salamu zisifupishwe. Wapo wanaofundisha kwamba kikao kianze moja kwa moja na lengo, lakini mtu wa hapa asiyeulizwa habari za nyumbani huona amepokewa kama faili. Wateja wanaokuja kutoka Dar es Salaam kwa treni ya mwendokasi, ambayo ilianza kufika Dodoma mwaka 2024, huingia wakiwa bado na kasi ya safari mwilini, na dakika kumi za kuulizana habari huwatuliza kuliko zoezi lolote. Kocha akiwa mdogo kwa umri, amwamkie mteja wake shikamoo bila kusita. Nimewaona makocha vijana wakiikwepa shikamoo kwa hofu ya kujishusha mbele ya mkurugenzi mwenye miaka hamsini na mitano. Kinyume chake ndicho hutokea: heshima ikishatolewa, mzee hana tena sababu ya kuidai katikati ya mazungumzo, na anakuwa huru kusema kwamba kuna jambo hajui alifanyeje.

Baada ya salamu, eleza kimya kabla hakijatokea. Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu ndipo vikao vingi vinapoharibikia. Katika malezi yetu kimya kina maana nyingi, na chache kati ya hizo ni njema. Aliyenyamaza huenda amenuna. Huenda amekubali, au amedharau, au anaficha. Mtoto aliyeulizwa na mkubwa akakaa bila kujibu huambiwa ni jeuri, au huhesabiwa kuwa amekiri kosa. Na upande wa pili, mkubwa anayeketi na mdogo wake kwa jambo zito hategemewi kuuliza na kunyamaza. Anategemewa kutoa wasia. Mteja anayekuja kwako amebeba malezi hayo yote. Ukiuliza swali kisha ukatulia, anaweza kudhani amekukosea, au kwamba hujui kitu, au kwamba unajua lakini unamnyima. Mmoja aliniambia kwa upole, katika kikao chetu cha kwanza, kwamba amelipa ili aambiwe. Hakuwa amekosea. Mimi ndiye niliyekuwa sijamweleza.

Siku hizi huyasema maneno haya mapema, kwa sauti ya kawaida: “Katika mazungumzo yetu kutakuwa na nyakati za kimya. Nikinyamaza sijakasirika wala sijachoka, nakuachia nafasi. Nawe ukinyamaza sitakuharakisha. Ukihitaji maoni yangu, niulize, nitakupa, lakini baada ya wewe kumaliza kufikiri.” Ahadi hiyo ya mwisho ina umuhimu wake. Haimnyimi mteja wasia aliouzoea, inauhamisha tu kutoka mwanzo kwenda mwisho, na mara nyingi ukifika mwisho hauhitajiki tena.

Kuuliza na kungoja

Watafiti waliolinganisha mazungumzo katika lugha kumi za dunia, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2009, waligundua kwamba pengo kati ya swali na jibu kwa kawaida ni kama sehemu ya tano ya sekunde. Kwa hiyo sekunde tatu za kimya kwa mwili wa binadamu ni nyingi mno, na kocha asiyejizoeza ataona kama ameacha shimo ambalo lazima alifukie. Mtafiti wa elimu wa Marekani, Mary Budd Rowe, alichunguza jambo hilohilo madarasani katika miaka ya 1960 na 1970. Alikuta walimu wakiuliza swali na kungoja sekunde moja hivi, pengine chini ya hapo, kabla ya kusema tena. Walipojizoeza kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka, yakaja na sababu, na waliozoea kunyamaza wakaanza kuzungumza. Alipima pia kimya cha pili, kile kinachofuata baada ya mwanafunzi kujibu, na huko nako akakuta faida. Makocha tuna mengi ya kujifunza kwenye hicho cha pili, kwa sababu jibu la kwanza la mteja huwa ni lile alilolizoea kulitoa. Lenye uzito hulifuata, kama utaacha lipite.

Niliyajua haya kichwani kabla ya kuyajua kwa vitendo. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mteja, mhasibu, aliyepandishwa cheo na kupangiwa mkoa mwingine, naye akawa hajui akubali au aombe kubaki. Nilimuuliza anaogopa kupoteza nini. Akanyamaza. Nadhani hazikupita sekunde nne, nami nikaanza kumsaidia: labda watoto na shule zao, labda nyumba mliyoanza kujenga, labda mzee mnayemuuguza? Akachukua la kwanza. “Watoto, ndiyo.” Tukafanya kazi ya watoto kwa vikao vitatu, tukapanga shule, tukahesabu nauli, na kila alipoondoka uso wake ulikuwa uleule aliokuja nao.

Kikao cha nne nilirudi kwenye swali lile, safari hii nikafunga mdomo. Alichukua kizibo cha chupa ya maji akaanza kukizungusha mezani kwa kidole. Kikazunguka, kikaanguka, akakisimamisha tena. Nje mtu alikuwa anafagia majani. Nilihesabu pumzi zangu mwenyewe, nikafika kumi na moja. Kizibo kilipotulia alisema, bila kuninyanyulia macho, kwamba anaogopa kufika huko, kukaa kwenye ile ofisi kubwa, na kugundua kwamba uhasibu hajawahi kuupenda. Sikujibu. Baada ya kimya kingine akasema, “Sasa ndiyo tuzungumze.” Watoto walikuwa kweli, lakini walikuwa jibu langu, na nilikuwa nimempotezea mama yule vikao vitatu. Namsimulia hapa kwa ruhusa yake, baada ya kubadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha.

Kimya si cha aina moja, na kocha hana budi kukisoma. Anayefikiri huondoa macho kwako, huyaelekeza chini au pembeni, mwili wake ukiwa mzito na pumzi ikienda taratibu. Huyo mwache, hata dakika ikitimia. Asiyeelewa swali hurudisha macho kwako upesi na kukunja paji la uso. Mrudie swali kwa maneno mepesi. Anayesubiri wasia hutabasamu na kuinamisha kichwa kidogo kwa adabu. Mkumbushe mlichokubaliana mwanzoni. Yuko wa nne: mabega yamepanda, pumzi imekuwa fupi, vidole vimekamata kitu, macho yamekaza mahali pamoja. Huyo hafikirii, ameshikwa na jambo, na kumwacha kimya peke yake na jambo hilo si utulivu hata kidogo. Mwite kwa jina, mwulize kama angependa maji au kusimama, zirudishe kwanza fikra zake hapo chumbani mlipo.

Unapolazimika kukivunja kimya, usilete swali jipya, kwa kuwa litamwondoa mahali alipokuwa amefika. Rudia neno lake la mwisho kwa sauti ya chini, au uliza, “Nini kimekujia?” Jihadhari pia na vijineno tunavyovimwaga bila kujua, “ehee”, “sawasawa”, “ndiyo ndiyo”, vinavyomwambia mteja kwamba kasi yako ni kubwa kuliko yake. Neno “pole” nalitaja peke yake kwa sababu nalipenda na limenikosesha mengi. Pole ikitoka mapema mno hufunga jambo: mteja hujibu “asante” kwa mazoea, mila inakuwa imetimizwa, na pande zote mbili huona limekwisha. Iseme, lakini mwache amalize, na baada ya kuisema baki palepale.

Wapo wasioweza kutulia mbele ya mtu mwingine, hasa wakubwa wa kazi waliozoea kutoa majibu siku nzima. Hao wape daftari na kalamu, waandike dakika tano bila kuinua mkono, nawe geuka utazame dirishani. Usiombe kuyasoma.

Kwenye simu

Vikao vya mtandaoni vina tatizo la pekee: kimya hufanana na mtandao uliokatika. Mteja anafikiri, kocha anaita “Haloo, unanisikia?”, na lililokuwa linakuja limepotea. Kubalianeni mwanzoni kwamba atakayepoteza mtandao atatuma ujumbe, na kwamba bila ujumbe, kimya ni kimya. Zima picha mkikubaliana, kwa kuwa mtu anayejiona usoni kwenye skrini hujitazama badala ya kujisikiliza, na sauti pekee hutumia bando kidogo. Mwombe akae mahali pamoja. Asiwe kwenye daladala wala nje ya darasa la mtoto. Kila dakika chache, kwa sauti ndogo, neno “nipo” linatosha.

Kwa wakuu wa kazi

Msimamizi anayetaka kumsikiliza mtumishi wake kwa namna hii anaweza, lakini atambue kwamba yeye ndiye anayempima mtu huyo kazini, na kimya cha bosi hutisha kuliko cha kocha wa nje. Mazungumzo ya kumkuza mtumishi yasichanganywe na yale ya kumpima. Yafanyike siku tofauti, nje ya ofisi yake yenye kiti kikubwa, dakika ishirini zinatosha, na katibu muhtasi aelezwe kwamba hakuna faili litakaloingia. Bosi akishindwa kulinda dakika ishirini hizo, ni afadhali asizianze, kwa sababu mtumishi aliyekatizwa katikati ya jambo lake la ndani hatalirudia.

Mipaka na siri

Tafakuri hufukua. Ikifukua kifo ambacho hakijaombolezwa, ukatili wa nyumbani au mawazo ya kujidhuru, kocha anasimamisha kazi ya ukocha, anasema wazi alichokisikia, na kumsaidia mteja kufika kwa wenye utaalamu huo siku hiyohiyo. Dodoma tunayo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe. Ni vema kocha akajua mapema utaratibu wa kumfikisha mtu huko, badala ya kuutafuta wakati mteja anatetemeka mbele yake.

Siri nayo ni sehemu ya utulivu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inagusa pia daftari na kompyuta ya kocha, kwa hiyo andika machache, hifadhi kwa ufunguo, na usirekodi sauti bila ridhaa ya mteja. Mwajiri akiwa ndiye mlipaji, kubalianeni watatu, kabla ya kikao cha kwanza, ni nini atakachoripotiwa. Mimi humripoti kwamba vikao vimefanyika na tarehe zake, basi. Mteja asiye na uhakika na hilo atakaa kimya pia, lakini kimya cha mtu anayejilinda.

Kufunga kikao

Dakika kumi kabla ya saa kufika, mjulishe mteja kwamba muda unakaribia, ili asifungue jambo jipya ambalo hamtakuwa na nafasi ya kulikalia. Mwulize anaondoka na nini, na mwache alitafute jibu hata kama sentensi yake itakuwa mbovu; usimtengenezee. Kisha mwachie chumba. Katika ratiba yangu kikao kina saa moja na robo, ingawa mazungumzo ni saa moja, na robo inayobaki ni ya mteja peke yake. Mimi hutoka na kuufunga mlango taratibu. Wengine huandika, wengine hutazama nje tu kuelekea Mlima wa Simba, na mhasibu wangu, nilipokuja kuchukua glasi baada ya kikao kile cha nne, alikuwa amekwenda zake, kizibo akiwa amekirudisha juu ya chupa na kukikaza.